Kachumbari na sukuma: osha jani zima kabla kisu hakijaligusa

Mboga nyingi Nairobi hukatwa kabla ya kuoshwa. Mteja anasema "nikatie ya thelathini", mama mboga anayakunja majani pamoja, kisu kinapita mbio, na mara sukuma iko mfukoni, nyembamba kama nyuzi. Kila mahali kisu kilipopita ni jeraha. Utomvu unaotoka hapo ni chakula cha vijidudu, na uchafu uliokuwa juu ya jani umeshaingia ndani, mahali ambapo maji ya beseni hayaufikii vizuri. Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko dawa yoyote.

1. Sokoni

Nunua majani mazima. Kama huna muda wa kukata, mwombe mama mboga ayaoshe kwanza, nawe uangalie beseni lake: maji yaliyogeuka rangi yanachukua uchafu wa fungu moja na kuupeleka kwa jingine. Tazama pia ule mtungi wa kunyunyizia mboga zisinyauke. Sukuma iliyotoka shambani ikiwa safi inaweza kuchafuliwa hapo hapo kibandani na maji hayo.

Uliza mboga ilikuzwa wapi, na usione haya kuuliza. Mboga zinazomwagiliwa maji taka kando ya mito ya jiji zinaweza kuwa na madini mazito kama risasi. Yakishaingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha, kwa klorini wala kwa kuchemsha.

2. Kuondoa tope

Nawa mikono kwa sabuni. Fungua mafungu yote. Dhania ndiyo yenye kazi: kata mizizi kabisa, kisha achanisha vikonyo, kwa maana udongo hujificha pale vinapokutana. Majani yaliyooza yatupe, usijaribu kuyaokoa.

Jaza beseni maji mengi, zamisha majani, yatikise, kisha yainue kwa mikono uyahamishie kwenye beseni la pili. Usimwage maji majani yakiwa ndani, kwa sababu mchanga ulioshuka chini utayarudia. Pitisha kidole kwenye sakafu ya beseni. Ukisikia chembechembe, badilisha maji urudie. Mara tatu kwa kawaida zinatosha, ila msimu wa mvua dhania huhitaji zaidi.

Maji ya chumvi husaidia kuwang'oa vidukari waliojishika chini ya jani. Hayaui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo, ingawa wengi wanaamini hivyo. Sabuni isikaribie mboga: huingia kwenye vitundu vya jani na hutaitoa yote.

Sukuma, managu au terere ya kupika inaishia hapa. Kata, pika, moto utamaliza kazi.

3. Klorini, kwa vinavyoliwa vibichi tu

Tumia dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe (bleach), isiyo na manukato wala rangi, na usome kiwango kwenye chupa. Ikiwa ni asilimia 3.5, tia mililita 15, yaani kijiko kimoja cha mezani, kwenye lita 5 za maji safi. Ikiwa ni asilimia 5, tia mililita 10. Zote mbili zinakupa takribani miligramu 100 za klorini kwa kila lita. Zamisha mboga kwa dakika 5, kisha suuza kwa maji ya kunywa.

Watu hukosea hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuruka hatua ya pili: klorini hujimaliza kwenye tope na majani yaliyooza, ikabaki harufu tu bila nguvu. Ya pili ni kutia siki au limau kwenye maji hayo hayo "ili yawe makali". Hapo hutoka gesi yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Usifanye hivyo kamwe. Limau ni ya mwisho, kwenye bakuli, mboga ikishasuuzwa.

4. Nyanya

Nyanya iliyoshinda juani kibandani ina joto ndani. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na nyanya huvuta maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na chochote kilichomo. Iache kivulini ipoe kwanza, au tumia maji yenye joto lililozidi kidogo lile la nyanya yenyewe. Iliyopasuka usiile mbichi, ipikie mchuzi.

5. Kukata na kuweka

Kung'uta maji. Ubao na kisu visiwe vilivyotoka kukata nyama. Ikiwa unao ubao mmoja tu, anza na kachumbari, nyama ifuate.

Kachumbari iliyokatwa isikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Kwenye friji, chini ya nyuzi 5, iliwe siku hiyo hiyo. Kwa wenye vibanda, kukata karai zima saa nne asubuhi kungoja wateja wa mchana ndiko kunakoleta wagonjwa. Osha zote mapema, zifunike zikiwa nzima, kisha kata bakuli moja moja kadiri linavyoisha. Usijazie mpya juu ya ya zamani. Bakuli likiisha, lioshe ndipo ujaze tena.