Somo: Kuanza Kazi ya Filamu za Wanyamapori na Mazingira Ukiwa Mombasa

Vijana wengi wanaoitamani kazi hii huanza kwa kuulizia bei ya kamera na nauli ya kwenda Maasai Mara. Nyumbu wanaovuka Mto Mara wamekwisha kupigwa picha na kampuni zenye helikopta, na hakuna mhariri anayezikosa picha hizo. Anayekosekana ni mtu anayeijua hori ya Tudor mwezi hadi mwezi, anayefahamiana na wavuvi wake, na anayeweza kurudi mahali palepale kila wiki bila kulipia hoteli. Somo hili limejengwa juu ya faida hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua mada unayoweza kuifikia kwa matatu

Mada nzuri ina mnyama au mmea, ina badiliko, na ina sababu ya badiliko hilo. Chukua Haller Park ya Bamburi, ambayo zamani ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti hapo, na mivinje ikaweza kuota kwenye mwamba mtupu wenye chumvi, lakini majani yake membamba yalirundikana chini bila kuoza, hadi walipoletwa jongoo wakayala na kinyesi chao kikasaidia kufanya udongo ambao miti mingine iliweza kuota ndani yake. Wageni hupiga picha twiga, ilhali hadithi yenyewe imo kwa jongoo. Vilevile, sehemu ya maji yanayotoka mabombani Mombasa hutoka chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, ambazo hulishwa na mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu na kupenya chini ya ardhi. Filamu inayoanzia kwenye ndoo ya jikoni Majengo na kuishia Chyulu ingenivutia kuliko simba mwingine aliyelala kivulini.

Hatua ya pili: jua maji na upepo kabla ya kujua kamera

Kwetu pwani, ratiba ya mpiga picha hupangwa na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu, na matope ya mikoko huachwa wazi kabisa. Ila bahari huwa imepwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, jua likiwa tayari kali na picha zikikosa kina. Ukitaka mwanga laini wa asubuhi, nenda siku chache kabla ya bamvua, ambapo maji hupwa mapema zaidi, na ukubali kwamba hayatafika mbali sana. Picha za chini ya maji zisubiri kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini-mashariki, kwa kuwa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, huchafua bahari na kuvuruga sauti.

Ukishafika, keti. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa huingia mashimoni wote mara wanapohisi hatua zako. Tandika mfuko mzito, weka kamera chini usawa wa matope, usisogeze hata kiwiko. Baada ya muda hutokeza jicho moja kwenye kijiti chake, kisha la pili, kisha dume atatoka na kuanza kupunga gando lake. Anza kurekodi kabla hajatoka, kwa sababu mkono unaokwenda kubonyeza kitufe ndio humrudisha ndani.

Hatua ya tatu: vibali

Hapa sina mengi, ila usiparuke. Leseni ya kurekodi filamu hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Ndani ya hifadhi, ikiwamo ya bahari ya Mombasa, unahitaji ruhusa ya KWS, yaani Shirika la Wanyamapori Kenya. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya serikali mwaka 1932, kwa hiyo Huduma ya Misitu nayo ina neno lake. Droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukikumbuka kwamba mji wetu una uwanja wa ndege, bandari na kambi ya jeshi la majini, utaelewa kwa nini haifai kuirusha kienyeji. Kwenye bandari za wavuvi, mwone kwanza mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo huo.

Hatua ya nne: sauti, kisha akiba

Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini hawezi kuvumilia sauti iliyojaa upepo. Nunua maikrofoni yenye kifuniko cha manyoya kabla ya lenzi ya pili. Jioni, pangusa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo ya bahari ili kuondoa chumvi, na unakili kazi yote kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Likoni: Shikamoo mwalimu. Je, simu yangu inatosha kuanzia?

Marahaba. Inatosha kwa mimea, kaa, wadudu na mahojiano. Haitoshi kwa ndege walio mbali, na kuvuta picha kwa vidole huiharibu. Chagua mada inayokuruhusu kusogea.

Mwanachama wa Nyali: Nimesikia kasa hutaga ufukweni usiku. Naweza kuwasha taa ya kamera?

Hapana, dada. Mwanga unaweza kumfanya kasa jike arudi baharini bila kutaga, na vifaranga huufuata mwanga badala ya kuelekea bahari. Fuatana na kikundi kinacholinda viota, tumia taa nyekundu hafifu kwa idhini yao, na usitaje mahali kiota kilipo.

Mzazi wa Kisauni: Mwanangu asomee filamu au sayansi?

Mzee wangu, mimi ningemshauri sayansi ya bahari au ya mazingira, kisha ajifunze kamera kazini. Kuendesha kamera hufundishika kwa miezi. Kujua kwa nini mchu, ambao ni aina mojawapo ya mikoko, huota upande huu na mkoko wenyewe upande ule huchukua muda mrefu zaidi.

Mwanachama wa Mikindani: Tutakula nini wakati tukisubiri filamu kubwa?

Wengi huishi kwa filamu fupi za mashirika ya uhifadhi na kwa kuwasaidia wapiga picha wanaotoka nje, wakiwabebea vifaa, kuwatafsiria au kuwanasia sauti. Kabla ya kutia sahihi, soma kifungu cha haki za picha: ukiuza haki zote, hutaruhusiwa kutumia hata dakika moja ya picha ulizopiga wewe mwenyewe. Omba waandike kwamba wamenunua matumizi ya filamu hiyo moja tu, na picha ghafi, zile ambazo hazijahaririwa, zibaki kwako.