Jibu la kwanza lisifunge mjadala wa hesabu

Mwalimu wa hesabu anayetaka wanafunzi wa gredi ya 4 wajadiliane kwa kweli, badala ya kukisia tu anachotaka kusikia, ajizuie kutamka neno “sahihi” mara tu jibu la kwanza linapotolewa. Hapa Lamu mimi hutumia swali hili: abiria 38 wanavuka kwenda Mokowe, na kila boti huchukua watu 12, zahitajika boti ngapi? Wapo wasemao 3 na baki 2, wapo wasemao 4, nami huyaandika yote mawili ubaoni bila ya kuyatia alama. Kisha huuliza, “Hao wawili waliobaki gatini wafanyweje?” na hapo ndipo mjadala huanza. Mtoto mmoja alichora boti 3 zilizojaa, akatia nukta mbili za chaki pembeni, akazitazama kitambo, halafu akachora boti ya nne bila ya kuambiwa na mtu.

Ukishauliza, subiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na huja na sababu zake. Kimya hicho humtia mwalimu wasiwasi, hasa darasa likiwa kubwa, lakini kivumilie, kisha mwombe mwanafunzi mwingine aeleze kwa maneno yake mwenyewe alivyofikiri mwenzake, kabla ya kusema kama anakubaliana naye.