Namna ya Kumsoma Filmer Bila Kumcheka Mapema

Mara ya kwanza nilimcheka. Umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu, nakuta bwana mmoja wa Kent, Uingereza, Robert Filmer, anadai wafalme wanatawala kwa sababu Adamu alikabidhiwa dunia nzima iwe yake. Nikafunga kitabu. Nilikirudia baadaye sana, na siku hizi na wanafunzi wangu wa jioni tunakisoma hivi.

Anza na miaka. Robert Filmer alifariki 1653, lakini kitabu chake hicho, Patriarcha, kilichapwa 1680, Waingereza wakivutana iwapo mdogo wake mfalme, Mkatoliki, arithi kiti. Waliokichapa walikuwa na kesi ya mirathi mkononi.

Kisha andika daftarini maneno mawili: milki, mamlaka. Mzizi wao ni mmoja, wa Kiarabu, ila sisi tumeyatenganisha. Mwenye nyumba wangu amenikataza kupikia mkaa chumbani: hiyo ni milki yake. Mtendaji wa mtaa akiniita ofisini, hayo ni mamlaka. Filmer hautaki mpaka huo. Kwake ubaba, umiliki na utawala ni kitu kimoja, alichopewa Adamu. Kila anapohama kutoka kimoja kwenda kingine, piga mstari pembeni kwa penseli. Utapiga mingi.

Hapa usikimbie. Fungua Mwanzo 1:28 kwenye Biblia ya Kiswahili: Mungu "akawabarikia", "akawaambia". Hiyo -wa- ndogo ndiyo aliyoing'ang'ania mwanafalsafa Mwingereza John Locke alipomjibu Filmer mwaka 1689: waliopewa ni wengi, si Adamu peke yake. Kwetu sarufi inakuonyesha yenyewe.

Sasa ulizia mrithi. Kama dunia ni shamba la baba, leo hati anayo nani? Filmer aliliona shimo hilo, akajibu kwamba hata aliyenyakua kiti anashika uwezo uleule wa baba. Mwanafunzi wangu mmoja, dalali wa viwanja, akaguna: "Mwalimu, hiyo si mirathi tena, ni uvamizi." Nilimwachia neno la mwisho.

Ila mpe Filmer haki yake. Kama mwanzoni vyote vilikuwa vya wote, wanavyodai wapinzani wake, watu walikutana lini wakakubaliana kugawana? Na aliyezaliwa kesho yake, aliulizwa? Swali hilo lina meno. Ndiyo maana Locke alisema kitu kinakuwa chako kwa jasho lako, bila kungoja ridhaa ya kila mtu.

Ukimaliza, nenda kwa Karl Ludwig von Haller, mwandishi wa Bern, Uswisi: kitabu chake Restauration der Staatswissenschaft, juzuu ya kwanza, 1816. Wanafunzi wa Kijerumani walichoma karatasi zilizoandikwa jina la kitabu hicho pale kwenye ngome ya Wartburg mwaka uliofuata. Haller hamhitaji Adamu: mfalme wake ni mwenye mali asiye na bwana juu yake, basi. Msome ukimkumbuka mwenye nyumba wangu. Mimi nikichoka na masharti yake, mwezi ukiisha nafunga godoro nahama. Mpangaji wa Haller anahamia kwa nani, kama kila nchi ina mwenye nyumba wake?