Mke yuko Tanga, mume yuko Ujerumani: nani achukue kundi la tatu la kodi?

Mdogo wangu kapata kazi ya uuguzi Ujerumani, anaondoka mwezi ujao. Wifi atabaki Ngamiani mpaka viza yake itoke. Juzi jioni tumekaa barazani kwa mama, barabara ya 12, akanionyesha makadirio ya mshahara aliyotumiwa na mwajiri. "Dada, hawa wameniweka kundi la kwanza la kodi, la makapera. Mimi si nina mke?"

Mke unaye, mdogo wangu. Ila kwa kodi ya kule, mke anayeishi Tanga hahesabiki. Ili mchague makundi ya wanandoa, wote wawili muwe mnaishi Ujerumani na msiwe mmetengana (wenye mwenza ndani ya Umoja wa Ulaya wana nafuu yao, sisi hatumo). Kwa hiyo utaanza na kundi la kwanza, na usipoteze muda kubishana na mhasibu wa hospitali.

Habari za huku kwetu zitoe kichwani. TRA humkata kila mtu kwa mshahara wake, shilingi 270,000 za mwanzo za mwezi hazikatwi, basi. Mumeo akipata milioni tano au asipate kitu, makato yako ni yale yale. Ujerumani kuna makundi sita, na wanandoa wana mipangilio mitatu: wote kundi la nne, mmoja la tatu na mwenzake la tano, au wote la nne pamoja na kizidishi, yaani namba inayogawa nafuu ya kodi kati yenu kulingana na mshahara wa kila mmoja, ambayo kwenye fomu utaiona imeandikwa Faktor.

Watu wengi hudhani kundi la tatu ni zawadi. Nami nilidhani hivyo. Angalia upatu wa kina mama: anayepokea mwezi wa kwanza hajapata zaidi ya anayepokea wa kumi, katangulia tu. Makundi nayo ni hivyo hivyo. Mwaka ukiisha mkijaza hesabu za kodi pamoja, mapato yenu hujumlishwa, hugawanywa kwa mbili, kodi hupigwa kwenye nusu hiyo kisha huzidishwa kwa mbili. Jibu litakuwa lile lile, mlikuwa kundi lolote. Kinachotofautiana ni pesa ya kila mwezi inaingia mfukoni mwa nani. Mwaka 2025 kila mtu alikuwa na euro 12,096 zisizotozwa kodi. Wa kundi la tatu hupewa zake na za mwenzake. Wa tano habakiwi na kitu, ndiyo maana mshahara wake huonekana kama umeliwa na panya.

Mshahara wa mmoja ukifika kama asilimia 60 ya mapato yenu yote au kuzidi, tatu na tano huleta pesa nyingi zaidi nyumbani kila mwezi. Mkikaribiana, kaeni la nne.

Sasa kosa langu. Mwaka tuliofunga ndoa, tukiwa Ujerumani, Mtanzania mwenzetu alituambia, "Mumeo achukue la tatu, mtafurahi." Tukafurahi kweli. Miezi minne baadaye nikashika mimba. Pesa ya uzazi wanayolipa kule baada ya mtoto kuzaliwa, Elterngeld, kwa wengi ni kama asilimia 65 ya mshahara uliobaki baada ya makato, na wangu ulikuwa wa kundi la tano. Upatu ule hauna mwezi wa kurudishiwa: kodi iliyozidi hurudi mwisho wa mwaka, lakini posho iliyopunguzwa hairudi. Mtoto wa pili tulifanya kwa akili. Mama mtarajiwa ndiye aingie la tatu, na abadilishe angalau miezi saba kamili kabla ya mwezi ambao likizo yake ya uzazi inaanza, kwa sababu huangaliwa kundi lililoshika miezi mingi zaidi katika miezi 12 ya kabla ya likizo, ile inayotumika kupiga hesabu ya posho. Yaani mnaamua karibu siku ile ile kipimo kinapoonyesha mistari miwili. Posho ya kukosa kazi nayo huangalia kundi.

Kubadilisha kwenyewe si kazi. Fomu ni ya ofisi ya kodi ya mnakoishi, Finanzamt, au mnatuma mtandaoni kupitia ELSTER. Kila mmoja awe na namba yake ya kodi yenye tarakimu 11. Kuingia tatu na tano mnasaini wote wawili. Kurudi nne na nne hata mmoja peke yake anaweza kuomba, jambo ambalo dada zangu mlikumbuke. Kundi jipya huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Mwisho wa kuomba kwa mwaka huo ni Novemba 30, na tangu 2020 mnaweza kubadilisha zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mwajiri humpelekei karatasi, taarifa anaipata mwenyewe.

Mkiwa tatu na tano, au nne na kizidishi, kujaza hesabu za mwaka ni lazima, kabla ya Julai 31 ya mwaka unaofuata kupita. Sisi mwaka mmoja tulidaiwa euro 640. Wekeni akiba.

Wifi akauliza, "Nami nikifika Oktoba?" Akijiandikisha makazi, ombeni kubadilisha mara moja. Na kwenye hesabu za mwaka mnaweza kuhesabiwa pamoja kwa mwaka wote, hata miezi aliyokuwa Tanga. Mshahara alioupata huku mwaka huo autaje, maana hutumika kupanga kiwango cha kodi.

Kubwa kwake ni cheti cha ndoa, maana ndicho kinachothibitisha kwamba ni mke. Tulipokitoa kabatini tukakuta jina la baba yake lina "h", kwenye pasipoti halina. Mfasiri wa kule atalitafsiri kosa kama lilivyo. Kesho asubuhi anakwenda RITA, kwenye ofisi ya usajili wa ndoa, kirekebishwe.