Jinsi ya kuangalia zile muvi za polepole zinazohusu kumbukumbu

Wengi wanazizima dakika ya kumi, wanasema mbona hakuna kinachotokea. Kinatokea sana tu, ila hakiko kwenye stori. Hizi muvi zinaenda vile akili inavyokumbuka, kitu kimoja kinang'ang'ania, kingine kinarukwa, halafu kinarudi kile kile kimebadilika kidogo, sasa ukikaa unasubiri ujue nani kamfanya nini nani utachoka bure.

Anza na fupi. La Jetée ya Chris Marker, 1962, ni dakika 28 tu na karibu yote ni picha za mnato, msimulizi anaongea juu yake. Kuna sehemu mwanamke kalala, picha zinapishana taratibu, uso umelalia huku, sasa kule, halafu ghafla anafumbua macho na kupepesa. Basi, sekunde chache hizo ndo pekee zinazotembea muvi nzima, kwa hiyo simu iwe mbali kabisa. Mimi kila nikiiona nashtuka, na ukijiuliza umeshtushwaje na kope za mtu tu, ushaanza kuelewa: umenyimwa kitu muda mrefu mpaka ulipokipata ukakiona kweli.

Sauti nayo usiidharau, vaa hedifoni. News from Home ya Chantal Akerman ni mitaa ya New York na treni zake za chini ya ardhi, na yeye mwenyewe anasoma barua alizoandikiwa na mama yake kutoka Ubelgiji. Kinachonimaliza ni pale kelele za magari na treni zinapoimeza sauti yake, barua inapotelea humo humo. Utadhani faili lina shida, utataka kuongeza sauti. Usiongeze, iache ipotee, maneno ya mama yanafika nusu nusu na ndivyo ilivyokusudiwa. Mwisho boti inaondoka, mji unabaki nyuma unazidi kufifia kwenye ukungu, dakika kama kumi hivi bila kukata. Mwanzoni unaangalia mji, baadae kidogo unajikuta unamuwaza mtu wako uliyeachana naye siku nyingi. Watu wakifika hapo wanadhani wamepoteza umakini, wanajilaumu, wanaforwadi. Jamani msiforwadi, mawazo hayo ndo muvi yenyewe inafanya kazi.

Zerkalo (yaani Kioo) ya mwongozaji wa Kirusi Tarkovsky (1975) iache mpaka uzoee. Ukifika, jua tu kwamba mwigizaji mmoja, Margarita Terekhova, anacheza mama wa msimulizi na pia mkewe, hujachanganya wewe, msimulizi mwenyewe ndo anazichanganya hizo sura mbili.

Ikiisha usikimbilie kusoma maelezo mtandaoni. Kaa gizani kidogo, andika picha moja iliyokubakia, ilivyokuwa, mwanga ulitokea wapi, nani alisimama wapi. Baada ya miezi kadhaa iangalie tena na karatasi yako mkononi. Mimi niliandika kuwa yule mwanamke wa La Jetée alifumbua macho akiangalia pembeni, kurudia nakuta alikuwa ananiangalia mimi moja kwa moja.