Somo: Umechaguliwa vyuo viwili vya udaktari na unataka upasuaji. Uthibitishe kipi?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na TCU, tume ya vyuo vikuu, ikatangaza awamu ya kwanza ya udahili, simu yangu haipumziki. Kijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kachaguliwa vyuo viwili au vitatu, ana siku chache za kuthibitisha kimoja kwa ile namba inayotumwa kwenye simu, na nyumbani kila mjomba ana neno lake. Swali linalonifikia ni lilelile: "Dada, nataka kuwa bingwa wa mifupa (au ubongo, au moyo), niende wapi?" Mimi ni daktari wa upasuaji na wanafunzi nawafundisha wodini. Nilikosoma sitapataja, msije mkadhani nakipigia debe chuo changu.

Hatua ya 1: Ijue njia yote kwanza

MD, shahada ya kwanza ya udaktari, hapa Tanzania ni miaka 5. Baada yake kuna mwaka 1 wa intani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, ambao Wizara ya Afya ndiyo inayokupangia hospitali, na Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalokusajili. Ukimaliza hapo wewe ni daktari, bado si mpasuaji. Upasuaji unaupata kwa moja ya milango miwili. Wa kwanza ni MMed, shahada ya uzamili ya ubingwa, ya chuo kikuu. Wa pili ni COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao makuu Arusha. COSECSA haina madarasa. Unafanya kazi katika hospitali waliyoikubali, unaandika kila upasuaji ulioshiriki, unafanya mtihani wa MCS baada ya miaka 2, kisha miaka 3 mingine ya FCS katika fani uliyoichagua.

Nimeanza na hili kwa sababu wengi wanachagua chuo cha MD kana kwamba ndicho kitakachowapa ubingwa. Hakitakupa. Lakini kuna mambo yatakayotoka na wewe pale, na utayabeba hadi mlangoni mwa MMed: GPA yako (wastani wa alama zako), alama yako ya somo la upasuaji, na bingwa mmoja au wawili wanaoweza kuandika barua kuhusu wewe bila kuuliza "huyu ni nani?" Nafasi za fani kama ubongo na mishipa ya fahamu ni chache kwa kuwa walimu wenyewe ni wachache, bingwa mmoja hawezi kulea vijana kumi kwa wakati mmoja. Wakibaki waombaji wawili wenye alama zinazolingana, anayefahamika kwa kazi yake ndiye anayeitwa.

Hatua ya 2: Acha jina la chuo, tazama hospitali

Hapa ndipo pa kutumia muda. Darasani utakaa, ndiyo, lakini daktari anaumbwa wodini, na kila chuo kina hospitali yake yenye tabia yake.

MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ndiyo mama. Ilianza 1963 kama shule ya udaktari ya Dar es Salaam, ikawa chuo kikuu kamili 2007. Ukiwa pale Upanga, ndani ya eneo moja unakuta Hospitali ya Taifa Muhimbili, MOI inayoshughulika na mifupa, ubongo na uti wa mgongo, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kesi ambayo mikoani utaisoma kitabuni, pale unaiona kitandani. Tatizo ni foleni. Mbele yako kuna bingwa, kuna mwanafunzi wa MMed ambaye naye anahitaji idadi ya upasuaji ili ahitimu, kuna intani, halafu ndiyo wewe na kundi lako.

Hospitali ya KCMC ya Moshi ilifunguliwa 1971, na ina jina kubwa katika upasuaji wa mfumo wa mkojo. Pia kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia, kwa hiyo anayependa mifupa atamwona mgonjwa aliyekatwa mguu mpaka siku anapotembea tena, jambo ambalo wapasuaji wengi hawalishuhudii. Hospitali ya Bugando ya Mwanza, nayo yenye chuo chake, inahudumia Kanda ya Ziwa yote: majeruhi wa bodaboda, watoto walioungua, matumbo yaliyotoboka kwa taifodi, vibofu vilivyoharibiwa na kichocho. Dodoma kuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako upandikizaji wa figo ulianza 2018. Mbeya kuna tawi la afya la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na hospitali ya rufaa ya kanda. Zanzibar kuna chuo kikuu cha SUZA na hospitali ya Mnazi Mmoja, na pale Mnazi Mmoja kuna kituo cha upasuaji wa ubongo tangu 2014, jambo ambalo watu wa bara wengi hawana habari nalo.

Sasa mtazamo wangu. Kama moyo wako uko kwenye ubongo au moyo na hutetereki, nenda walipo mabingwa wa fani hiyo, foleni utaivumilia. Kama ni upasuaji wa jumla, mifupa au mkojo, au bado hujui ila unajua unataka kisu, hospitali ya kanda yenye wagonjwa wengi na wanafunzi wachache itakufaa zaidi.

Nieleze kwa nini nasema hivyo. Mwaka wa tatu, rotesheni (zamu ya mafunzo wodini) yangu ya kwanza ya upasuaji, tulikuwa wengi mno. Thieta niliingia mara nyingi, nikasimama juu ya kistuli nyuma ya migongo ya watu, nikaona kofia na mabega. Mwaka wa tano nilipelekwa hospitali ya mkoa kwa wiki chache. Usiku wa pili akaletwa kijana amechomwa kisu tumboni. Daktari alikuwa mmoja na sista mmoja. Akaniambia, "Nawa, uje." Nilishika ritrakta, kile chuma cha kuachanisha kingo za jeraha, kwa saa mbili mpaka vidole vikafa ganzi. Akauchukua mkono wangu, akaupitisha chini ya ini, akauliza, "Hapo unagusa nini?" Nikasema kibofu cha nyongo. Akasema, "Teremka kidogo." Utumbo ule ulikuwa wa moto, unateleza, nikalikuta tundu kwa ncha ya kidole kabla macho hayajaliona. Anatomia ya miaka miwili ikaungana usiku ule. Yule daktari ndiye aliyeniandikia barua ya kwanza.

Hatua ya 3: Nenda ukaone, na uulize wanaojua

Kama nauli ipo, fika hospitalini saa moja na nusu asubuhi siku ya raundi kubwa. Huna haja ya kibali kukaa kwenye benchi la korido. Hesabu wanafunzi wanaotoka na bingwa mmoja. Wakiwa wanane, watafundishwa. Wakiwa thelathini, watano wa mbele watafundishwa na waliobaki watasoma ujumbe wa simu.

Kama nauli haipo, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano. Wa mwaka wa kwanza usimuulize, hajafika wodini, atakusimulia hosteli na chakula. Wa juu muulize: kwenye maabara ya anatomia, maiti moja mlikuwa wangapi? Umeshika ritrakta mara ngapi? Umeshona jeraha la mgonjwa kwa mkono wako, au umeangalia tu? Bingwa wa upasuaji anakufahamu kwa jina? Wangapi darasani kwenu walipata sapu (mtihani wa marudio) mwaka wa pili, na wangapi walidisko (waliondolewa chuoni kwa kufeli)? Swali la maiti watu huliona la ajabu, ila usilikwepe. Wanafunzi wanne juu ya meza moja kila mmoja anapasua. Wakiwa kumi na wanne, mmoja anapasua na wengine wanavumilia harufu ya fomalini bure.

Uliza pia kama chuo kina MMed ya upasuaji, au hospitali yake inalea wanafunzi wa COSECSA. Pakiwepo, foleni itakuwa ndefu kidogo lakini utakuwa karibu na watu waliokutangulia hatua moja, na hao ndio watakaokuingiza kwenye utafiti na kukuonyesha njia.

Hatua ya 4: Pesa

Kaeni na wazazi, piga hesabu ya miaka 5, si ya mwaka wa kwanza. Vyuo visivyo vya serikali ada yake iko juu, na bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, halizibi kila pengo. Mwanafunzi anayefukuzana na ada wiki ya mtihani ndiye anayepata sapu, na sapu inaonekana kwenye matokeo siku unayoomba MMed. Chuo cha chaguo la pili ukiwa umetulia ni bora kuliko cha kwanza ukiwa na deni. Ukitoka huko, kwenye ubingwa kuna ufadhili wa Samia wa mafunzo ya ubingwa na ubobezi, kwa hiyo usimalize shamba la mzee kwenye MD.

Hatua ya 5: Thibitisha, kisha anza

Ukishathibitisha, nunua uzi. Uzi wa kawaida wa fundi viatu, ufunge kwenye mguu wa kitanda, jifunze fundo la mkono mmoja na la mikono miwili mpaka ulifunge gizani. Siku bingwa atakapouliza "nani anajua kufunga?", usitazame chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Nimechaguliwa MUHAS na Bugando, zote kwa mkopo. Napenda mifupa. Baba anasema Muhimbili ni jina.

Marahaba mdogo wangu. Baba hajakosea, jina lipo na MOI iko hapohapo. Lakini kwa mifupa ningekwenda Mwanza, nikashone na kufunga plasta mpaka nichoke, halafu Upanga ningekwenda wakati wa MMed. Kama wewe ni mtu wa kujisogeza mbele bila kusukumwa, Muhimbili haitakupoteza. Mpole anayesubiri kuitwa atapotea pale. Jijue, kisha mweleze baba kwa heshima.

Dokta, habari za kazi. Binti yangu anataka upasuaji. Shemeji yangu, naye ni tabibu, anasema mwanamke hawezi, ndoa itamshinda. Na ajira je?

Nzuri mama. Nina watoto wawili na nimeolewa. Zamu za usiku ni ngumu kwa mwanamke na kwa mwanamume, na wenzangu wa kiume nao wanafukuza usingizi kwa chai ya rangi. Kuhusu ajira, tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2015 ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoumudu, na ikaweka lengo la wapasuaji, madaktari wa usingizi na wa uzazi 20 kwa kila watu 100,000. Sisi tuko mbali sana na hapo. Kazi ipo. Ajira ya serikali inaweza kuchelewa, hilo sikufichi.

Kaka yangu anasema nisihangaike, niende China, wanatoa nafasi haraka.

Kwanza hakikisha TCU inakitambua chuo hicho kabla hujalipa hata shilingi. Pili, waulize waliosoma huko: wodini mgonjwa anaongea Kichina, wewe unamuuliza nini? Wapo waliojifunza lugha vizuri wakarudi hodari, nafanya nao kazi. Wapo pia waliomaliza bila kushona jeraha moja. Mwenye ndoto ya upasuaji asiuze wodi kwa ajili ya ndege.

Niko Kenya, nina vyuo vikuu vya Nairobi na Moi kwenye KUCCPS, mfumo wetu wa udahili. Ushauri huu unanihusu?

Unakuhusu. Kwenu MBChB, shahada yenu ya udaktari, ni miaka 6, lakini kipimo ni kilekile. Nairobi ina Hospitali ya Kenyatta na msongamano wake. Eldoret ina hospitali ya rufaa ya Moi, na mtaala wao unakutoa darasani kwenda kwenye jamii mapema. Waulize wa mwaka wa tano wa pande zote mbili yale maswali ya hatua ya 3.

Niko mwaka wa pili, chuo kidogo, nimeshapata sapu moja ya biokemia. Ubongo ndiyo basi?

Si basi. Watakaoamua wataangalia GPA ya mwisho, alama ya upasuaji, na barua. Ifaulu hiyo sapu, kisha mfuate bingwa wa upasuaji hospitalini kwenu, umwambie: "Naomba nije Jumamosi nisaidie kuklaki (kuandika historia na hali ya) wagonjwa wa majeraha ya kichwa." Wa kwanza akikataa, mwombe wa pili. Likizo ndefu iombee hospitali ya kanda iliyo karibu nawe. Na uniandikie matokeo ya sapu yakitoka, nitakuunganisha na mtu anayekusanya takwimu za ajali za bodaboda na anatafuta kijana wa kumsaidia.