Malazi ya Paka Nyumbani: Kupima, Kushona na Kuyaweka Safi

Wateja wengi wanaokuja kunishonesha vitanda vya paka huanza kwa kubonyeza sponji kwa kidole ili waone kama ni laini. Mimi hupenda kuwauliza kwanza kitafuliwa vipi. Huku Pwani, ambako joto na unyevu havipungui kwa miezi mingi, kitanda ambacho foronya yake haiwezi kuvuliwa, kufuliwa na kukauka siku hiyohiyo hugeuka mazalio ya viroboto na ukungu, hata kiwe laini namna gani.

Hatua ya kwanza ni kupima. Subiri paka alale kwa kujinyoosha, kisha mpime kwa futikamba kuanzia puani hadi shina la mkia. Paka mzima wa kawaida hufika sentimita 45 hivi, na mto wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 50 humtosha. Usimpime akiwa amejikunja, kwa sababu paka hujikunja ili kutunza joto, na kipimo hicho kitakupa kitanda cha msimu wa kipupwe tu. Ukiweka ukingo, sentimita 10 zinatosha, na upande mmoja uwe chini zaidi ili paka mzee au mwenye mimba aingie bila kuruka.

Hatua ya pili ni kuchagua vitambaa. Foronya nashona kwa pamba: kanga kuukuu au shuka lililochoka hufaa kuliko kitambaa kipya kigumu. Taulo ninaliepuka, maana vitanzi vyake hunasa kucha. Kwa ujazo, sufi ni nyepesi na hupitisha hewa kuliko sponji, lakini ikiloweshwa hushikamana mabonge. Kwa hiyo iwekwe katika mfuko wa ndani ulioshonwa pande zote, na foronya yenye zipu ivalishwe juu yake, zipu ikielekea chini. Vifungo na riboni viachwe. Kitanda changu cha kwanza nilikipamba kwa utepe mwekundu, nao haukumaliza siku mbili. Nilikuwa na bahati kwamba ulitafunwa bila kumezwa, kwa kuwa uzi ukimezwa unaweza kuukunja utumbo wa paka hata akahitaji kupasuliwa.

Mahali pa kukiweka hapahitaji maneno mengi: pasiwe na mkondo wa maji ya mvua, pawe mbali na sanduku lake la haja, na ikiwezekana pawe juu ya sakafu, kwenye kigoda kipana au rafu imara.

Kazi kubwa iko katika ufuaji. Kiroboto jike anaweza kutaga hadi mayai 50 kwa siku, na mayai hayo hayanati kwenye manyoya, bali huporomoka pale paka anapolala. Mabuu yanayoanguliwa hukimbia mwanga, hujificha katika mishono, na hula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Katika joto na unyevu wa kwetu mzunguko wote waweza kukamilika ndani ya wiki tatu hivi, ndiyo maana nashauri foronya ifuliwe kila wiki. Ikung'ute nje ya nyumba, iloweke katika maji ya moto ya nyuzi 60 yenye sabuni, isuuze mara mbili, uianike juani, kisha upige pasi ukikazia mishono. Mfuko wa sufi usiufue. Uanike jua kali na kuugeuza upande wa pili kabla ya adhuhuri. Wakati wa masika, jua linapokosekana, foronya ya akiba huokoa.

Ili kujua kama viroboto wapo, kung'utia kitanda juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Chembe nyeusi zikiacha rangi ya wekundu, hiyo ni damu, na kufua peke yake hakutatosha: paka mwenyewe atibiwe kwa dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka. Dawa za mbwa zenye pemethrini zinaweza kumuua. Vilevile, usisuuzie foronya dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, kwa kuwa nyingi zina kemikali ambazo ini la paka haliwezi kuziondoa vizuri, naye atazilamba akijisafisha.

Paka akikikataa kitanda kipya, usimbebe kumlaza humo. Tandika juu yake fulana uliyoivaa siku moja bila kuifua, ukiweke pale anapopenda kulala kwa sasa, hata kama ni juu ya kabati la vyombo, kisha ukisogeze kidogo kidogo kila siku hadi unapotaka. Msimu wa joto bado atakiacha na kulala kwenye saruji. Kunja kitanda, ukihifadhi kikiwa kikavu hadi Juni.